Mama Taarifa Anasikiliza

Watu wengi hupoteza kazi kwa sababu ya kusema. Mama Taarifa aliipoteza ya kwake kwa sababu ya kunyamaza, tena alinyamaza hewani, saa moja asubuhi, nchi nzima ikiwa imetega sikio na vikombe vya chai mkononi.

Jina hilo alibandikwa na wauza magazeti wa mtaani kwake, likamganda mpaka mama mkwe wake naye akaanza kulitumia. Alikuwa na sauti ambayo watu waliiamini kuliko saa zao za ukutani. Akisema mvua itanyesha, watu walianua nguo jua likiwaka. Mumewe, mfamasia mwenye duka la dawa jirani na soko, aliwahi kumsikia mteja akimkatalia mwenzake, "Kama Mama Taarifa hajamtangaza, basi hajafa huyo. Atakuwa amelala tu."

Siku aliyonyamaza, ukuta wa jengo lililokuwa likijengwa ulikuwa umewaangukia vibarua. Alisoma majina yao mmoja mmoja, kwa ile sauti yake iliyonyooka kama mstari wa rula. Sentensi iliyofuata ilikuwa ya sabuni. Ilimpasa ashushe pumzi, atie tabasamu kidogo kooni, kisha aseme kwamba sabuni hiyo ina povu kuliko zote sokoni. Alikwisha kufanya hivyo mara nyingi mno, kutoka kwenye msiba kwenda kwenye sabuni bila hata kuyumba. Asubuhi ile alifungua mdomo na sauti ikagoma kukata kona.

Redioni kimya ni kosa zito kuliko tusi. Ukitukana, utapiga wimbo na kuomba samahani. Ukinyamaza, msikilizaji anahama kituo, na akihama amehama. Fundi mitambo nyuma ya kioo alirusha mikono yote miwili kama mtu anayefukuza nyuki. Mama Taarifa alimtazama. Alikuwa mtulivu kabisa. Alikaa na yale majina mpaka fundi alipopata akili ya kutupia muziki, ndipo akavua visikizio masikioni, akavitundika mahali pake na kwenda nyumbani. Nyuma yake simu zililia ofisi nzima. Mmoja aliuliza kama umeme umekatika. Mwingine aliuliza msiba wa Mama Taarifa uko nyumba gani.

Mkurugenzi wa kituo hakumfukuza. Alimwambia apumzike, kisha arudi aombe radhi hewani, kwa wasikilizaji na kwa mdhamini mwenye sabuni, na mambo yaishe. Mama Taarifa alipumzika. Ila hakurudi.

Alikwenda kwa Mzee Koki.

Mzee Koki alikuwa fundi bomba mwenye karakana ndogo nyuma ya gereji, na huko nyuma aliwahi kuitwa kituoni kutafuta maji yaliyokuwa yakivuja ndani ya ukuta wa studio. Mtu wa kwanza kuyasikia alikuwa Mama Taarifa, kupitia visikizio, wakati wenzake wote wakimwambia anaota. Mzee Koki alipasua ukuta pale pale alipoonyeshwa na kidole chake, akakuta bomba linatokwa jasho. Akamgeukia. "Mama, masikio hayo yanaozea humu ndani." Wote walicheka, yeye pia. Sasa alisimama mlangoni pa karakana akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, gauni la ofisini na kijimkoba.

"Sina maoni," Mzee Koki alisema kabla hajasalimiwa. "Kama ni mambo ya redio, mimi na siasa mbalimbali."

"Sijaja kukuhoji, mzee. Nimekuja kujifunza kazi."

"Nani?"

"Mimi."

"Kazi ya nani?"

"Yako!" alipaza sauti, maana alikwisha kugundua kwamba mzee anamsoma midomo zaidi ya kumsikia.

Mzee Koki alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akamtazama masikio, kulia na kushoto, kama mtu anayechagua matikiti. "Kutoboa zege miaka yote hii kumenimaliza," akasema. "Masikio yangu yamestaafu, mimi mwenyewe bado niko kazini. Njoo kesho. Na hicho kijimkoba kiache kwa mumeo."

Basi akaanza. Kuwa mwanafunzi ukiwa na mvi si mchezo. Magoti yalimuuma kwa kuinama chini ya masinki. Miwani ilimdondoka ndani ya tangi. Alifunga koki upande usio wake akajimwagia maji mbele ya mteja, na mteja akamwomba asome kichwa cha habari kimoja tu, ili watoto wasikie. Alijifunza kuzungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi za bomba ili lisivuje, kuinusa gundi akajua kama imeharibika, kutokaza spana kwa hasira. Watu wa rika lake walikuwa wakipanga kustaafu, wakijadili kufuga kuku. Yeye alikuwa akipanga kujua tofauti ya bomba la robo tatu inchi na la nusu inchi. Usiku alilala kama gunia, na asubuhi alipoamka mikono ikimwuma, alijishangaa kwamba hakuwa amelala hivyo tangu ujana.

Tatizo lake lilikuwa mdomo. Miaka yote ile alikuwa amefunzwa kuwa kimya kikitokea, ni kazi yake kukiziba. Sasa hata alipokuwa kifudifudi chini ya sinki la mtu, ulimi ulijitumikia wenyewe. "Tunafungua koki kuu," alisema. "Naam, maji yamekatika. Sasa tunaingia upande wa kushoto, ambako kutu imeshamiri..."

"Mama," Mzee Koki alimwambia siku moja, "unamtangazia nani? Mende?"

Alijiuma ulimi. Dakika haikupita akaanza tena.

Kumbe huo mdomo ndio uliokuwa ukimzuia asipewe fimbo. Fimbo ya kusikilizia ilikuwa kipande kirefu cha chuma chenye kitufe cha mbao kichwani, kilichong'aa kwa kushikwa. Unaigusisha ncha kwenye bomba, unaweka mbao sikioni, na bomba linakusimulia kinachotokea chini ya sakafu, mahali ambapo jicho halifiki. Mzee Koki alikuwa bingwa wa fimbo hiyo mjini. Lakini siku za karibuni alikuwa amekosea mara mbili, amepasua sakafu za watu akakuta pakavu, na habari za fundi aliyepasua pakavu huenda mbio kuliko redio.

Asubuhi moja alimwita, akamtolea fimbo.

"Leo tunakwenda kwa mkunga, yule wa nyumba ya kona. Ametandikiwa vigae vipya mwezi uliopita, na chini yake bomba linavuja. Leo unasikiliza wewe." Akamwangalia usoni. "Nikikosea mara ya tatu nafunga karakana, nakwambia kweli. Sina wa kumwachia, na sitaki kuwa mzee wa kuvunjia watu nyumba. Na wewe utarudi kule kwenye visikizio vyako. Ukipata, karakana ni yetu wawili."

Hii ndiyo ilikuwa habari ya upande mmoja. Habari ya upande wa pili ilikuwa imemsubiri nyumbani, kwenye meza ya chai, asubuhi hiyo hiyo kabla hajatoka.

Wifi yake alikuwa amefika mapema, na wifi yake hakuwa mtu wa kuja mikono mitupu. Alikuja na maneno. "Wifi yangu jamani! Kutoka kwenye kipaza sauti hadi kwenye vyoo vya watu! Juzi saluni nimeulizwa kama ni kweli, nikasema hapana, huyo ni pacha wake."

"Ungewaambia pacha anatoza nafuu," Mama Taarifa alijibu, na wifi akacheka huku akijifanya amekasirika.

Mumewe hakucheka. Alisubiri dada yake aingie jikoni, kisha akasogeza kikombe kando. "Mkurugenzi amenipigia tena. Kituo kinafanya sherehe ya kuzaliwa, kesho. Anataka urudi siku hiyo. Kiti chako kipo, taarifa ya saa moja ni yako. Anachotaka ni sentensi moja tu ya kuomba radhi, na jibu anataka leo. Baada ya leo anampa kiti mtu mwingine."

"Na mimi nimekwisha..."

"Ngoja, mama watoto. Hujanisikiliza."

Aliufunga mdomo. Ulikuwa umekwisha kufunguka kwa sentensi ya pili.

"Dukani wananiuliza kila siku," mumewe aliendelea polepole, akitazama meza. "Anakuja mtu kununua dawa ya kikohozi, ananiuliza mkeo yuko wapi, anaumwa nini. Nikisema ni fundi bomba, wananipa pole. Pole! Kama nimefiwa. Sikuagizi. Nakwambia tu ninachobeba."

Hapo zamani angempa hotuba nzuri yenye mwanzo, kiini na mwisho. Safari hii alimshika mkono tu, akaondoka na suruali yake ya kazi yenye madoa ya gundi. Njiani alijiuliza, kama mtu anayepapasa jino bovu kwa ulimi: hivi ni kweli naweza kazi hii, au nimeikimbia tu ile? Kama ni kukimbia, kurudi kulikuwa rahisi. Sentensi moja. Kusoma sentensi moja kwa ufasaha kuliko kila mtu nchini ndicho kitu pekee alichokuwa na hakika nacho.

Mkunga aliwafungulia mlango akiwa na kanga na macho mekundu, ametoka zamu ya usiku. Mita ya maji ukutani ilikuwa ikizunguka taratibu ingawa kila koki ya nyumba ilikuwa imefungwa.

"Inazunguka hata nikiwa kazini," mkunga alisema kwa uchovu. "Nahisi kuna mtu anaoga humu nisipokuwepo." Kisha akamsikia Mama Taarifa akimsalimia, na usingizi ukamruka. "Wewe! Ni wewe kabisa! Mwenzangu, mimi nimezalisha wanawake kwa sauti yako. Redio ya wodini haizimwi. Kuna mtoto kazaliwa ukiwa unasoma bei ya mahindi, mama yake akagoma kumwita Mahindi kwa bahati tu."

Vigae vilikuwa vyeupe, vikubwa, vimepangwa vizuri mpaka mtu anaona haya kuvikanyaga. Mzee Koki alionyesha kwa mkono njia ambayo bomba la chuma hupita chini yake: linaingia jikoni, linajikunja chini ya sinki, linafuata ukumbi mwembamba, linaishia bafuni. Akazima friji. Akampa mwanafunzi wake fimbo na kunyoosha vidole vitatu: jikoni, ukumbini, bafuni. Sikiliza kote ndipo useme. Hilo alikuwa amelirudia kila siku tangu siku ya kwanza.

Mama Taarifa alipiga magoti jikoni, akaweka ncha kwenye bomba lililochomoza chini ya sinki na mbao sikioni. Mara akasikia. Mluzi mwembamba, wazi, kama birika linalokaribia kuchemka.  Na kabla masikio hayajamaliza kazi yao, kichwani sentensi ilikwisha kujipanga, nzuri, fupi, yenye mizani. Alisimama akaisema.

"Maji yanavuja hapa, chini ya sinki, upande wa kushoto, karibu na mkunjo wa bomba."

Ilitoka kwa sauti ya saa moja asubuhi. Na nukta mwishoni.

"Una uhakika?" Mzee Koki aliuliza, macho kwenye midomo yake.

"Bila shaka yoyote."

Na hakuna aliyeuliza tena. Mkunga aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kana kwamba ametangaziwa matokeo ya mitihani. Mzee Koki alisahau vidole vyake vitatu, akaweka patasi kwenye kigae, akapiga nyundo. Kigae kikalia, kikapasuka kama sahani. Alichimba zege, akachimba na udongo chini ya zege, akafika kwenye bomba.

Udongo ulikuwa mkavu. Ulikuwa mkavu kiasi kwamba vumbi liliruka.

Bomba lilikuwa zima, linajikunja pale kwa uzuri wake, na kwa kuwa linajikunja lilikuwa likipiga mluzi maji yalipopita, basi. Mzee Koki alikaa kitako sakafuni, nyundo mapajani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia hukumu. Mkunga alikitazama kigae chake, akamtazama Mama Taarifa, na mdomo wake ukabaki wazi kwa mshangao ambao haukuwa hata wa hasira. Ilikuwa ni kama taarifa ya habari imemdanganya.

Hapo Mama Taarifa aliona, wazi kama vumbi lile, kosa alilolifanya. Fundi mwingine yeyote angesema, "Nadhani ni hapa," na mwenziwe angemwambia, nenda basi kasikilize na kule. Yeye hakujua kusema nadhani. Mtangazaji hadhani. Alikuwa na sauti iliyowafunga watu wote midomo, na aliyefungwa wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe.

Ulimi ulikuwa umekwisha kuandaa maelezo: hali ya mabomba ya kizamani, ugumu wa zege, na kadhalika. Aliyameza yote.

"Nimekosea," akamwambia mkunga. "Naomba radhi kwa kigae chako. Nilisema kabla sijamaliza kusikiliza. Nitakitafuta kingine kama hiki, nitakibandika mwenyewe." Akamgeukia mzee, akamtazama usoni ili aione midomo yake. "Na wewe unisamehe, mzee. Sijui bomba linavuja wapi."

Neno sijui lilimtoka kwa shida, kama mfupa.

Mkunga aliketi kwenye kiti cha jikoni, akavuta kanga yake. "Wodini kwetu," akasema, "daktari akisema sijui, mimi ndio namwamini. Haya. Lakini kama mtapasua cha pili, nitalia, nawaambia mapema."

Mzee Koki alisugua kidevu. "Mimi nilijua utaratibu," alinung'unika. "Lakini ile sentensi! Jamani. Niliipenda ile sentensi. Hii haihesabiki, hatujasikiliza kote." Kisha akainyoosha mikono yote miwili kama anayepokea zawadi, akaionyesha fimbo, akauonyesha ukumbi.

Mama Taarifa alimwomba mkunga azime feni ya chumbani. Akaomba na saa ya mezani itolewe nje. Kisha akapiga magoti upya, pale pale jikoni, akaanza mwanzo.

Mluzi ulikuwepo. Akauacha uwepo. Kitu kigumu kilikuwa kutousemea. Kila sauti aliyoisikia ilitaka ipewe jina mara moja, na yeye akaikatalia. Akasogea ukumbini, akagusa bomba pale lilipotokeza kwenye ukuta. Mluzi ukafifia, ukawa kama mtu anayepuliza chai. Akasubiri. Akasikia mapigo yake mwenyewe sikioni, akasubiri mpaka yakapungua. Goti la kulia liliwaka moto, akalihamisha. Akaenda bafuni: pale kukawa shwari kabisa, chuma kitupu. Akarudi ukumbini. Akaweka ncha juu ya kigae chenyewe, kimoja, kisha cha jirani yake, kisha kinachofuata, akitambaa kama mtoto, naye mkunga akainua miguu kumpisha bila kuambiwa.

 Nyumba nzima ilinyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, ilivyomwonekea, kimya hakikumdai kitu. Kilikuwa na mambo ndani yake. Kulikuwa na mpulizo ule wa chai, na nyuma ya mpulizo kulikuwa na kitu kingine, cha chini zaidi, kizito: tuk, tuk tuk, tuk. Vijiwe vinagongana. Maji yanayotoka kwa nguvu na kurusha changarawe mahali yalipojichimbia shimo. Hakikuwa na sauti kubwa kama mluzi wa jikoni. Kilikuwa karibu tu.

Alisikiliza kigae cha mbele yake na cha nyuma yake. Akarudi. Tuk tuk.

Sentensi ilijileta. Aliiacha ipite. Akatoa chaki mfukoni, akachora duara dogo kwenye kigae, akasogea pembeni.

Mzee Koki alilitazama duara, akamtazama yeye. Hakuuliza kama ana uhakika. Aliuliza, "Umesikia kote?" Mama Taarifa akainua vidole vitatu.

Mkunga alifumba macho. Nyundo ilipiga. Kigae kikatoka, zege likakatika vipande vyeusi, na vipande vyenyewe vilikuwa na unyevu. Kisha patasi ikazama ghafla kwenye tope, na maji yakachomoza, membamba, safi, yakamlowesha mzee kidevuni. Alipiga kelele kama timu yake imefunga bao. Mkunga alilia kama alivyoahidi, ila huku akicheka, na akaenda kuleta ndoo.

Walikuwa bado magotini wawili hao, wamekata kipande kilichooza na kufunga kipya, Mzee Koki akisema "karakana yetu" kila sentensi ya pili ili alizoee neno, pale mlango ulipogongwa. Alikuwa mumewe Mama Taarifa, na nyuma yake mkurugenzi wa kituo, mtu mpole mwenye suti ya bluu, akiwa amevua viatu na kuvishika mkononi kwa sababu ya tope.

"Amekuja dukani," mumewe alisema. "Nikaona bora aje akuulize mwenyewe, pale gereji wakatuelekeza huku. Mimi leo ni dereva tu."

Mkurugenzi alichuchumaa pembeni ya shimo, akatabasamu kwa kweli, maana alimpenda. "Dada yangu. Umetukimbia."

"Karibu, bosi. Angalia soksi."

"Sina maneno mengi. Kesho ni sherehe. Kiti chako nimekilinda kwa meno. Mdhamini alitaka kujitoa, nimembembeleza. Wazee wananipigia simu wanauliza sauti yao iko wapi. Nakuomba sentensi moja, hata usije studio, nimekuja na kinasa sauti." Alikitoa mfukoni, kidogo kama kiberiti, kikawaka taa nyekundu. "Sema, wasikilizaji wapendwa, naomba radhi kwa kimya cha asubuhi ile. Basi. Ukitaka, utasoma taarifa na hayo mabomba yako utafanya jioni. Nani atakukataza?"

Mama Taarifa alifuta mikono kwenye suruali. Aliifikiria kweli ile sentensi. Aliiona, ina maneno tisa, angeweza kuisema usingizini. Alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa haangalii kinasa sauti. Alikuwa ameinama juu ya shimo, akilichungulia lile bomba jipya, na alimuuliza Mzee Koki kwa sauti ya chini, "Hapa amepaona yeye?" Mzee hakumsikia, hivyo mkunga ndiye aliyejibu, kwa majivuno, kama nyumba ni ya maonyesho, "Kwa masikio tu, Daktari. Mke wako huyu! Alinyamaza mpaka nikaogopa." Mumewe aliinuka polepole. Alijipangusa vumbi magotini ingawa hakuwa amepiga magoti.

"Dukani nitawaambia," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

"Dada," mkurugenzi alikumbusha. Taa nyekundu iliendelea kuwaka.

"Nakushukuru kwa kunilindia kiti," Mama Taarifa alisema. Hakuitumia sauti ya saa moja. Aliitumia ile ya nyumbani, ambayo ilikuwa na mikwaruzo kidogo. "Mpe mtu mwingine, tena kijana, na umfundishe kusema nadhani. Mimi sirudi. Nina kazi."

"Sawa, kurudi tuache. Nakuelewa. Lakini radhi? Radhi haikugharimu chochote. Kwa heshima tu ya wasikilizaji."

"Leo hii hii nimeomba radhi mara mbili kwenye nyumba hii, muulize mwenyewe mwenye nyumba. Nilivunja kigae kisicho na kosa kwa sababu ya kusema nisichokijua. Nikikosea naomba, sioni taabu. Lakini wale watu waliangukiwa na ukuta, bosi. Nilisoma majina yao, na ukataka niwafute kwa sabuni. Kile kimya ndicho kitu pekee cha kweli nilichowahi kukipeleka hewani bila kuandikiwa. Hicho kifaa chako kinanasa?"

"Kinanasa," mkurugenzi alisema kwa unyonge.

Mama Taarifa alisogeza mdomo karibu nacho, kama alivyofunzwa, umbali wa kiganja.

"Siombi radhi," akasema. "Si kwako, si kwa mdhamini, si kesho wala siku ya sherehe nyingine. Kirushe hivyo hivyo ukitaka. Siombi."